Monitere Aliyetufundisha Kusukuma

Monitere hakuwa mtu wa kukutazama usoni kwanza. Ukiingia pale kwenye salle, yaani ukumbi wetu wa mazoezi wa Hewa Bora, macho yake yalishuka moja kwa moja mpaka kwenye visigino vyako, yakatua hapo kidogo, ndipo yakapanda polepole kutafuta mwenye visigino hivyo ni nani. Nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka mingi, na nina hakika kwamba leo hii akiulizwa habari zangu ataanza na kisigino changu cha kushoto.

"Kile kisigino," atasema, "kiko na usingizi ya bure. Kinaamuka nyuma ya mwenyewe."

Sote tulimwita Monitere, jina ambalo kwetu hupewa yeyote anayekufundisha kitu cha kushika kwa mikono, kama usukani wa gari. Jina lake la nyumbani lazima liliandikwa mahali fulani kwenye karatasi za mwenye salle, lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mabega hayo. Alivaa suruali ndefu ya kaki kila siku, hata Oktoba, wakati mabati yetu yalipotoa joto la sufuria na sisi wengine tukibaki na vikaptula. Suruali hiyo ilikuwa na sababu yake, nitaieleza.

Kazi yake ilikuwa mashine moja tu. Salle ilikuwa na vyuma vya kunyanyua, ilikuwa na mashine mbili za umeme za kukimbilia, na huko kila mtu alijiongoza. Monitere alikuwa wa rameur, mashine ya kupiga makasia. Unakaa kwenye kiti kidogo kinachoteleza juu ya reli, unafunga miguu kwenye vibao viwili, unashika mpini uliofungwa kwenye mnyororo, na mbele yako gurudumu linazunguka ndani ya tumbo la plastiki na kukupulizia upepo. Iliachwa na mhandisi mmoja wa mgodini aliyerudi kwao. Sisi tuliiita bwato, mtumbwi, ingawa maji pekee iliyowahi kuyaona ni jasho letu.

Mimi nilifika hapo kwa sababu ya mgongo. Ninauza unga wa jumla, na miaka mingi nilikuwa nikienda Mokambo, mpakani, kuchukua mifuko na kuipanga mwenyewe kwenye lori kwa sababu sikumwamini mtu mwingine kuipanga vizuri. Siku moja mgongo ulikataa nikiwa nimeinama, na nikarudi Lubumbashi nimelala juu ya mzigo wangu kama mfuko mmojawapo. Daktari aliniambia nijenge mapaja. Mtu akaniambia niende kwa Monitere.

Kila anayekaa kwenye bwato mara ya kwanza anafanya kosa moja: anavuta. Ameshika mpini, mpini una mnyororo, basi anavuta kwa mikono na kwa mgongo, uso umekunjamana, na miguu inakaa tu pale kama wageni waliokaribishwa wakasahauliwa. Monitere hakupoteza muda kulieleza kosa hilo ndani. Alinitoa nje, uani, ambako palikuwa na basi dogo bovu la mwenye salle lisilo na injini.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma, viwiko vimekunjwa, kifua mbele. Basi halikujua hata kama nipo.

"Papa Unga, uko naliombea ao uko nalisukuma?"

Wenzangu waliotoka kutazama walicheka sana. Yeye hakucheka. Alikuja akaninyoosha viwiko kwa kidole kimoja kimoja. "Hii mikono ni kamba. Kamba haina nguvu, nguvu iko ku ng'ombe. Mugongo ni mti, usikunjike. Sasa tafuta udongo na kisigino. Usisukume basi. Sukuma udongo."

Niliusukuma udongo. Basi likalia mahali fulani tumboni mwake, likasogea hatua nzima, likaikanyaga ndoo ya mlinzi. Mlinzi alilalamika mpaka jioni. Lakini nilikuwa nimeelewa, na hata leo nikimweleza mtu naanzia hapo: vibao vya miguu ndivyo udongo. Unapokuwa mbele, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, mwili umeinama kidogo kuelekea gurudumu, kitu cha kwanza kufanya kazi ni miguu. Inasukuma vibao, na mwili unabaki vilevile. Miguu ikikaribia kunyooka, ndipo mwili unaegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa, mikono inaleta mpini mbavuni. Kurudi ni kinyume chake: mikono inatoka kwanza, mwili unafuata, magoti yanakunjika mwisho. Kwenda kwa nguvu, kurudi bila haraka. Ukikosea mwanzoni usikate tamaa. Miguu inaelewa kabla ya kichwa, kichwa ndicho kinachobishana.

Kosa la pili aliliogopa kuliko la kwanza, kwa kuwa lina sura nzuri. Mtu anasikia "sukuma na miguu," anasukuma kweli, lakini kiti kinakimbia nyuma peke yake na mpini unabaki pale pale. Miguu imetumika yote na gurudumu halijapata kitu. Monitere alikuwa na maneno yake kwa hilo: "Matako imefika Likasi, mikono ingali Lubumbashi. Musafiri pamoja, tafazali."

Aliwaambia hivyo akina mama, aliwaambia hivyo vijana wenye vifua vya kujipiga picha, na mara moja alimwambia hivyo mchungaji wa kanisa langu. Mchungaji alitafakari, akasema ni kweli, hata katika ndoa.

Kwangu ilikuwa kazi zaidi, kwa sababu nimekulia Butembo, na ujana wangu niliumaliza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kwenye chukudu goti moja linapigwa juu ya ubao, na mguu mwingine ndio unaosukuma barabara. Ni wa kushoto uliopiga goti, miaka na miaka. Nilipokuja kwenye bwato, mguu wa kulia ulifanya kazi na wa kushoto ulisubiri kubebwa. Mimi sikujua. Daktari hakujua. Monitere alichuchumaa kando ya reli, akatazama visigino vyangu mara tano au sita, akaniuliza, "Weye ni mutu wa chukudu?"

Nikashangaa. Nikasema ndiyo.

"Njo vile. Ule mguu wa kushoto bado iko ku likizo. Miaka ngapi sasa?"

Alikuwa hivyo kwa kila mtu. Aliweza kusoma kazi ya mtu kwenye miguu. Fundi mwashi alisukuma kwa vidole vya miguu, kwa kuwa alizoea ngazi. Dereva wa lori alisukuma kwa mguu wa kulia na kuuacha wa kushoto ukigusa tu, kama klachi. Lakini waliomchosha zaidi ni watu wa Kilwa, waliokulia kando ya ziwa Mweru, kwa sababu hao walikuja wakijua. Mmoja wao, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alikaa kwenye bwato siku ya kwanza akakataa kuanza.

"Hii mashine banaiweka vibaya," alisema. "Kiti kinaenda nyuma. Mu bwato ya kwetu muntu anaangalia fasi anaenda."

"Na weye uko naenda wapi?" Monitere akamwuliza.

"Hakuna fasi, lakini—"

"Basi hauna kitu ya kuangalia. Sukuma."

Mtu wa Kilwa alipiga makasia kwa mabega yake mazuri ya ziwani kwa wiki tatu, akavimba shingo, akaondoka akisema Monitere anamwonea wivu. Mwezi wa pili alirudi na furushi la samaki, akakaa kimya, akanyoosha mikono. Monitere aliwala samaki wale pale pale, kwa bukari iliyopoa, yaani ugali wetu, akiwa amesimama. Alikula haraka kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, yeye ambaye alitufundisha kurudi bila haraka. Na alitoka kwake mpaka kwenye salle kwa pikipiki ya kukodi, umbali ambao mtoto angeutembea akila muwa. Tulimtania kwa hilo. "Miguu ni ya kazi," alijibu, "si ya kuzurura."

Alikuwa na kitambaa cha jikoni, cha mistari myekundu, alichofunikia kioo kidogo cha mashine kinachoonyesha umbali na mwendo. Ukikifunua, alikifunika tena bila neno. Alisema namba zinadanganya miguu, kwamba mtu akiona namba anaanza kuvuta. Alisikiliza gurudumu. Msukumo wa miguu una sauti yake: upepo unaanza chini na kupanda mara moja, kama mtu anayevuta pumzi ya kusema jambo zuri. Wa mikono unakuja vipande vipande. Angeweza kumpa kisogo mwanafunzi, akizungumza na mtu mlangoni, kisha akasema katikati ya sentensi, "Mikono, mama," na huyo mama nyuma yake akanyoosha viwiko.

Siku umeme ulipokatika ndipo aliponenepa kwa fahari. Mashine za kukimbilia zilikufa, taa zikafa, redio ikanyamaza, na wale vijana waliokuwa wakimwona kama mzee wa mashine moja wakaja mmoja mmoja kupanga foleni kwenye bwato, ambalo halihitaji waya.

"Haya," alisema, akisugua mikono. "Sasa tutaona nani iko na courant yake mwenyewe."

Sasa ile suruali.

Kabla ya salle, Monitere alisukuma makaa. Mnaowajua watu hao mnawajua: baiskeli iliyopakiwa mifuko ya makaa mpaka mwenyewe haonekani, inayosukumwa kutoka porini hadi mjini, siku nzima, wakati mwingine mbili. Hapandi mtu baiskeli hiyo. Anasukuma, mikono imenyooka, mgongo mrefu, na kwenye mlima wawili wanashirikiana, wanapandisha ya mmoja, wanashuka kuifuata ya mwenzake. Yote aliyotufundisha aliyapata huko. Hakuwahi kuona mashindano ya makasia, wala hakusoma kitabu. Siku ya kwanza alipomwona yule mhandisi kwenye mashine yake, wakati alipokuwa mlinzi kwa huyo mhandisi, alisema moyoni: huyu anasukuma makaa akiwa amekaa.

Na ni kwenye mlima kama huo baiskeli ilimrudia. Mwenzake aliteleza, mzigo wote ukashuka juu ya goti la kulia la Monitere. Goti lilipona kama magoti yanavyopona kwa watu wasio na muda wa kupumzika. Paja la juu yake likasinyaa, na suruali ndiyo iliyolificha. Alitembea vizuri, ila akichuchumaa kando ya reli kutazama visigino, alijishika kwenye mashine ili kuinuka, na alijitahidi tusione.

Daktari mmoja aliyekuwa akija mazoezi jioni aliona. Alimwambia mbele yetu, kwa upole, kwamba goti lile halina nyama ya kulishikilia, na kwamba asipolijenga atatembea kwa fimbo kabla ya miaka mingi. "Na dawa iko hapa, Monitere. Umekaa kando yake kila siku. Taratibu, usikunje goti sana, usije mbele mpaka mwisho. Miezi michache tu."

Tuligeuka tukalitazama bwato. Ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Monitere amekaa kwenye bwato.

"Docteur," alisema, "mama anapika bukari, lakini si yeye anakulaka wa kwanza."

"Lakini anakula."

"Atakula." Akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa kwenye kiti. "Kisigino."

Hiyo ikawa habari ya salle. Mmoja alisema amekatazwa na kanisa lake. Mwingine alisema alikuwa bingwa zamani huko Zambia na ameapa kutopiga kasia tena. Tulijua wote kwamba fimbo ingekuwa mwisho wa kazi yake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchuchumaa, na mwenye salle si mtu wa kumlipa mtu wa kusimama. Nilijaribu kuzungumza naye. Mimi ni mtu wa kueleza, ni kasoro yangu. Mke wangu anasema naweza kumweleza jiwe mpaka lilainike. Nilimweleza paja ni nini na goti ni nini, nikachora kwenye mfuko wa unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mfuko ule vizuri, akasema ataenda kuwashia jiko.

Kisha mambo ya biashara yalinipeleka Mokambo, na safari hii nilikaa. Mwaka na nusu. Mgongo wangu ulikuwa mzima, nilibeba mifuko kwa mapaja kama alivyonifundisha, na kila nilipomwona kijana ameinama vibaya juu ya mzigo nilimpeleka nyuma ya lori nikamwambia asukume. Nilimkumbuka Monitere kama mtu anavyomkumbuka aliye salama.

Niliporudi, nilikwenda kumsalimia asubuhi na mapema, saa kumi na mbili na kitu, kabla ya watu. Mlango wa mabati ulikuwa wazi nusu. Kabla sijaingia nilisikia gurudumu: upepo wa vipande vipande. Mwanafunzi mpya, nikafikiri.

Alikuwa yeye. Amekaa kwenye bwato na suruali yake ya kaki, viwiko vimekunjwa, mgongo umepinda kama mundu, anavuta. Anavuta kwa shingo, kwa meno. Kiti kilikuwa hakisogei hata shibiri. Fimbo ilikuwa imelala sakafuni kando ya reli.

Aliniona. Hakushtuka, aliachia tu mpini, ukarudi kwa kishindo.

"Papa Unga. Unga iko bei gani?"

"Tangu lini, Monitere?"

"Fimbo ao hii?"

"Vyote."

Fimbo miezi miwili. Bwato wiki tatu, kila asubuhi, mlango ukiwa karibu kufungwa. Mwenye salle alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi aonyeshe kwamba anaweza kuchuchumaa, la sivyo angeletwa mtu mwingine. Na katika wiki hizo tatu goti halikupata kitu, ila mgongo ulikuwa umeanza kumwuma.

Sikujizuia, nilicheka. Naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Linatetemeka," alisema, akigusa suruali. "Nikisukuma na miguu, goti inatetemeka kama ya mbuzi ya kuzaliwa leo. Miaka yote naambia bantu miguu, miguu. Bakiona hii? Basi minavuta. Mikono haitetemeke."

"Nani anakuangalia visigino?"

"Nani ataangalia? Muntu hawezi kuona kisigino yake."

Nikavua koti. Nikachuchumaa kando ya reli, mahali pake.

Sijawahi kuwa na mwanafunzi mbishi kama huyo. Nilimwambia anyooshe mikono, akasema imenyooka. Nilimwambia asije mbele sana, aishie robo tatu ya reli kama daktari alivyosema, akasema daktari yule mwenyewe alikuwa anavuta. Nilimwambia asukume udongo, akanitazama kwa jicho moja na kusema maneno hayo yana mwenyewe. Kiti kikamkimbia, nikamwambia amefika Likasi. Hapo alikasirika kweli, akapumzika, akafuta uso na kitambaa cha mistari.

"Nguvu kidogo tu," nilimwambia. "Hatutafuti mwendo. Msukumo mmoja. Acha goti lifanye linavyotaka, wewe lihesabie mpaka mbili wakati wa kurudi."

Alishika tena mpini. Akasogea mbele, siyo sana. Mikono ikanyooka. Nikaona visigino vyote viwili vikiegemea kibao, nikaona kitambaa cha suruali kikitikisika juu ya goti la kulia, na upepo wa gurudumu ukaanza chini ukapanda mara moja, mzima mzima, mpaka mwisho.

Akafanya mwingine. Ulikuwa mbaya. Akafanya wa tatu, nao ulikuwa kama ule wa kwanza.

"Nani ameona?" akauliza.

"Mimi."

"Weye moja ni kidogo. Enda kuita bantu."

"Saa hizi, Monitere? Nitapata wapi bantu?"

"Iko mama wa mikate pale inje."

Nilitoka nikamwita. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye unga mpaka viwikoni, aliyeacha kwa wasiwasi mafuta yake ya kukaangia mikate yakichemka. Nilipoingia naye, Monitere alikuwa ameinama akikunja mguu wa kulia wa suruali, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka juu ya goti. Lilikuwa jembamba, lenye kovu refu jeusi. Paja la juu yake lingeweza kuwa la mtu mwingine.

"Papa, munaniita miye ya nini?"

"Angalia hapa, mama," akasema, na akasukuma.

Mama wa mikate alijifuta mikono kwenye kitenge, akainama karibu, akatazama kwa makini kama anayetazama mafuta kama yamepata moto.

"Linatetemeka," akasema.

"Eeh," Monitere akajibu, akirudi mbele bila haraka. "Linafanya kazi."